Mashine kuukuu za useremala: Je, kuzifufua kunalipa?

MASHINE ya useremala iliyoundwa miaka 60 au 80 iliyopita haifi kirahisi. Hushika kutu, hupoteza mikanda, hung'olewa mota na kusukumwa pembeni mwa karakana ambako kuku hutagia, lakini mwili wake wa chuma hubaki imara ukimsubiri atakayeufuta vumbi. Nchini Kenya, mashine za aina hii hupatikana katika karakana za shule za ufundi na misheni, katika viwanda vya mbao vilivyofungwa na katika yadi za vyuma chakavu. Aghalabu huuzwa kwa bei ya kilo, ilhali mashine mpya yenye uzito na uthabiti kama huo ni ndoto kwa fundi wa kawaida.

Swali linalomkabili seremala anayeitazama mashine kama hiyo ni moja: Je, ni busara kuchukua akiba ya miaka miwili, au mkopo wa chama, na kuuzamisha katika chuma chenye kutu? Jibu la pupa huweza kumgharimu karo ya watoto. Jibu la pupa zaidi huweza kumgharimu vidole.

Makala haya yanaeleza zilikotoka mashine hizi, namna ya kuzikagua, kazi inayohitajika ili kuzifufua, na hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa mfukoni.

Zilikotoka

Mwingereza Samuel Bentham alipata hataza za mashine za kuchonga mbao mnamo 1791 na 1793. Mwanzoni mwa karne ya 19, yeye pamoja na mhandisi Marc Isambard Brunel na fundi wa vyuma Henry Maudslay walianzisha katika bandari ya Portsmouth karakana ya kutengeneza makapi ya mbao ya merikebu za kivita. Kufikia 1808 karakana hiyo ilikuwa ikitoa makapi yapatayo 130,000 kwa mwaka, na inaelezwa kwamba watu 10 wasio na ujuzi wa useremala waliweza kufanya kazi iliyohitaji mafundi 110 hapo awali.

Msumeno wa ukanda ulipewa hataza jijini London na William Newberry mnamo 1809, lakini haukufaa kazi kwa miongo kadhaa kwa sababu ukanda wa chuma ulikuwa ukikatika mahali ulipoungwa. Ulianza kutumika ipasavyo baada ya Wafaransa kuboresha uungaji huo katikati ya karne hiyo ya 19.

Baadaye kampuni kubwa zilichipuka. Thomas Robinson & Son ya Rochdale ilianza 1838, nayo Wadkin ya Leicester ikaanza 1897. Nchini Marekani, kampuni ya Delta ilianzishwa Milwaukee mnamo 1919, na mnamo 1939 ikatoa msumeno wa meza uitwao Unisaw uliopata sifa kubwa katika karakana ndogo. Kwa kuwa Kenya ilikuwa koloni la Uingereza hadi 1963, mashine nyingi kuukuu zinazopatikana humu nchini ni za Waingereza, na jina la Wadkin ndilo hutajwa sana na mafundi wakongwe. Mashine hizo hazitengenezwi tena Leicester kama zamani, hivyo basi anayeinunua hawezi kukimbilia kiwanda cha huko kipuri kinapokosekana.

Ubora ulioko na usiokuwepo

Sifa kuu ya mashine za kale ni uzito. Miili yake ilimiminwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma chenye kaboni ya takriban asilimia mbili hadi nne. Chuma hiki hufyonza mtikisiko. Mashine isiyotikisika hukata mbao kwa ulaini, hutunza makali ya visu na kudumisha vipimo vyake siku nzima. Mashine nyepesi za bati na alumini, ambazo bei yake ni nafuu, huruka na kulia zikikutana na mbao ngumu kama vile mvule au mkaratusi uliokauka.

Sifa ya pili ni usahili. Ndani ya mashine kuukuu hakuna vibao vya elektroniki. Kuna mota, mkanda, mhimili, beringi na parafujo za kurekebishia. Karibu kila kimojawapo kinaweza kufunguliwa kwa spana, kupimwa na kutengenezwa na fundi wa mtaani.

Hata hivyo, si kila kikongwe kina hekima. Zipo mashine za zamani zilizoundwa kwa bei ya chini hata katika siku zake, na zipo zilizokuwa bora lakini zikachakaa kwa miaka 40 ya kazi za zamu mbili kwa siku. Aidha, mashine nyingi za zamani hazina kinga za kutosha wala mabomba ya kunyonya vumbi. Umri pekee si cheti cha ubora.

Kukagua kabla ya kununua

Ukaguzi mzuri huchukua muda wa saa moja au mbili na huhitaji vifaa vichache: tochi, nyundo ndogo, rula ndefu ya chuma iliyonyooka, vipimo vyembamba vya kupimia mianya, chupa ya mafuta ya taa na chaki.

Jambo la kwanza ni nyufa. Fundi hugonga mwili wa mashine kwa nyundo polepole. Chuma kizima hulia kama kengele, ilhali chenye ufa hutoa sauti butu. Mahali panaposhukiwa hupakwa mafuta ya taa, hufutwa yakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Baada ya dakika chache, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi katika weupe wa chaki. Ufa ulio kwenye kifuniko au mguu huweza kuvumiliwa na kuzibwa. Ufa ulio mahali pa kushikilia beringi au mhimili ni sababu ya kuondoka.

Jambo la pili ni meza. Rula huwekwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kwenye plena, kama mafundi wengi wanavyoiita mashine ya randa, meza mbili lazima ziende sambamba katika urefu wake wote. Meza iliyopinda kidogo huweza kupelekwa kwa mkereza vyuma ikasawazishwa, lakini gharama yake na ya kuisafirisha huweza kuzidi bei ya mashine nzima.

Jambo la tatu ni vipuri vilivyotoweka. Usukani wa kuinua meza, ukingo wa kuongozea mbao, kinga ya msumeno na vibano vya kushikia visu huonekana kama vitu vidogo, lakini kila kimoja kisipokuwepo sharti kichongwe upya. Mashine iliyokamilika yenye kutu nyingi ina thamani kuliko mashine iliyong'arishwa yenye nusu ya viungo vyake.

Jambo la nne ni mhimili. Huzungushwa kwa mkono, kisha husukumwa juu na chini. Mkwaruzo ni dalili ya beringi iliyokufa, jambo ambalo si geni wala si ghali. Lakini mhimili uliopinda au uliolika mahali pa kukalia beringi ni tatizo kubwa zaidi.

La mwisho ni uhalali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wafanyabiashara wa bidhaa hiyo wawe na leseni, na mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa muda kufuatia uharibifu wa miundomsingi, zikiwemo nguzo za kusafirishia umeme. Nazo taasisi za umma haziruhusiwi kuuza mali yake kwa mlango wa nyuma, bali hufuata taratibu za Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Mnunuzi wa mashine iliyotoka shuleni au katika karakana ya serikali anapaswa kudai stakabadhi. Asipofanya hivyo, huenda akajipata akifufua mali ya wizi.

Kuondoa kutu na rangi

Kutu ya juu juu huondolewa kwa msasa, brashi ya waya na mafuta. Kutu iliyokomaa huhitaji kuroweshwa, na hapa fundi wa Kenya ana bahati kwa kuwa dawa mbili bora zinapatikana humu nchini.

Dawa ya kwanza ni molasi, ambayo wafugaji huinunua kuwalisha ng'ombe. Sehemu moja ya molasi huchanganywa na sehemu tisa za maji, na kipande chenye kutu huzamishwa humo kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Harufu yake haipendezi, lakini kutu hulegea na chuma hubaki. Vipande vya alumini na zinki havipaswi kutiwa humo kwani vitaliwa.

Dawa ya pili ni magadi, kwa kuwa yale yanayochimbwa Ziwa Magadi ndiyo chanzo cha sodiamu kaboneti. Huyeyushwa katika maji ndani ya pipa la plastiki. Kipande chenye kutu huunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12, na bati la chuma kisicho na kazi huunganishwa na ncha chanya, vyote viwili vikiwa majini bila kugusana. Umeme huibadilisha na kuilegeza kutu kwa saa kadhaa. Tahadhari ni mbili: kazi hii hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, hivyo basi hufanywa mahali palipo wazi na mbali na moto, na bati la ncha chanya kamwe lisiwe la chuma cha pua, kwa sababu hicho hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji.

Rangi nayo ina hatari yake. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Kuikwangua rangi hiyo ikiwa kavu hurusha vumbi linalodhuru ubongo, hasa wa watoto. Fundi anapaswa kuilowesha, kuvaa barakoa inayofaa, kukusanya mabaki na kutofanyia kazi hiyo uani ambako watoto huchezea. Breki na vibao vya umeme vya baadhi ya mashine za kale vilikuwa na asibesto, na hivyo havipaswi kupigwa msasa wala kupulizwa kwa hewa.

Beringi, bolti na mihimili

Beringi nyingi za mashine za karne ya 20 zina namba zinazotambulika kote duniani. Namba 6204, kwa mfano, ni beringi yenye tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14. Namba 6205 ina milimita 25, 52 na 15. Kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa kipenyo cha tundu. Anayefahamu kanuni hii haoni haja ya kutafuta kipuri "cha Wadkin", bali huenda katika duka la beringi za magari na kununua kwa namba. Baadhi ya mashine za Uingereza zilitumia beringi za vipimo vya inchi, ambazo ni adimu zaidi na bei yake hupanda vivyo hivyo.

Beringi mpya inapoingizwa katika mhimili husukumwa kwa kubana pete yake ya ndani, si kwa kuigonga pete ya nje kwa nyundo. Beringi nyingi hufa siku ya kuzaliwa kwa kosa hili moja.

Mashine za kale zaidi hazina beringi za gololi. Mihimili yake huzunguka ndani ya metali laini iitwayo babiti, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba uliobuniwa na Mmarekani Isaac Babbitt mnamo 1839. Babiti iliyolika huyeyushwa na kumiminwa upya. Ni kazi inayowezekana, lakini tone la maji likikutana na metali iliyoyeyuka hulipuka na kumrushia fundi moto usoni. Asiye na uzoefu na aiache.

Bolti ni mtego mwingine. Mashine za Uingereza za kabla ya miaka ya 1960 aghalabu zina nyuzi za Whitworth, zilizopewa jina la Joseph Whitworth aliyependekeza kipimo hicho mnamo 1841. Pembe ya nyuzi hizo ni digrii 55, ilhali za milimita na za Marekani ni digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi na ya kawaida ya Marekani ina 13. Anayelazimisha moja iingie mahali pa nyingine huharibu tundu lililodumu miaka 70. Ni heri kuzisafisha na kuzihifadhi bolti za asili kuliko kuzitupa.

Umeme

Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Mashine za viwandani ziliundwa kutumia umeme wa njia tatu wa volti 415, ilhali karakana nyingi ndogo zina umeme wa njia moja wa volti 240. Fundi ana mapito matatu.

Pito la kwanza ni kuomba kuunganishiwa umeme wa njia tatu. Hili hufaa kwa karakana yenye mashine kadhaa, lakini gharama yake hutegemea umbali wa karakana na laini iliyopo, na inapaswa kujulikana kabla ya mashine kununuliwa. La pili ni kuiondoa mota ya asili na kuweka ya njia moja. Hili ni rahisi kwa mota za hadi nguvufarasi tatu hivi, almuradi mota mpya iwe na kasi ile ile. La tatu ni kutumia kigeuza masafa, kifaa cha elektroniki kinachopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu. Kwa kuwa vifaa vya kawaida vya aina hii hutoa volti 240 na wala si 415, nyaya za mota lazima ziweze kuunganishwa kwa mfumo wa delta. Kibandiko cha mota huonyesha jambo hilo. Ikumbukwe pia kwamba kifaa hicho huhifadhi umeme hatari ndani yake kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa.

Mashine zilizotoka Marekani zina jambo lake. Umeme wa huko una mizunguko 60 kwa sekunde na wa Kenya una 50. Mota ya aina hiyo ikiwashwa hapa huzunguka kwa kasi pungufu kwa takriban asilimia 17, na huweza kupata joto kupita kiasi iwapo volti haikurekebishwa.

Mota iliyokaa miaka mingi katika unyevu haiwashwi mara moja. Fundi wa umeme huipima kwanza kwa kifaa cha volti 500 kinachoonyesha uzima wa kifuniko cha nyaya. Kipimo kikiwa chini ya megaomu moja, mota hukaushwa au husukwa upya.

Vidole na sheria

Mashine ya kale hufufuliwa pamoja na hatari zake za kale. Plena za mwanzo zilikuwa na kichwa cha visu cha mraba. Kidole kilichoponyoka kiliingia katika pengo kubwa kati ya kona za kichwa hicho na meza, na mkono ukafuata. Kanuni za Mashine za Useremala za 1922 nchini Uingereza ziliamuru plena za kulishwa kwa mkono ziwe na kichwa cha mviringo, kinachoacha pengo dogo. Maadamu hatari hiyo ilitambuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakuna udhuru wa kuirudisha leo. Mashine yenye kichwa cha mraba ama ibadilishiwe kichwa, ama ibaki pambo.

Msumeno wa mviringo unahitaji kinga juu yake na kisu kisichozunguka nyuma yake. Kisu hicho huuzuia ubao uliopasuliwa usijifunge na kuushika msumeno. Bila hicho, ubao huweza kurushwa nyuma kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Msumeno wenye kipenyo cha milimita 300 ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake husafiri mita 47 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 170 kwa saa. Ndiyo maana fundi hapaswi kubadilisha puli kiholela ili kuongeza kasi.

Swichi ya asili nayo ibadilishwe. Swichi nyingi za zamani hubaki zimewashwa umeme unapopotea. Katika mitaa ambako umeme hukatika bila taarifa, fundi huinama kusafisha kichwa cha visu gizani, umeme hurejea na mashine hujiwasha. Swichi ya kisasa inayojizima umeme unapokatika, na isiyowaka hadi ibonyezwe upya, ni miongoni mwa matumizi yenye thamani kubwa katika ufufuaji mzima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu za mashine zilizo hatari zizingirwe kwa kinga. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka uo huo inamtwika mwajiri mzigo wa kumfidia mfanyakazi aliyejeruhiwa. Umri wa mashine si utetezi. Mwenye karakana anayemweka kijana wa mafunzo mbele ya msumeno usio na kinga anacheza na mkono wa mtoto wa mwenzake, na huenda akapoteza karakana yote kwa kesi moja.

Vumbi nalo lisipuuzwe. Mnamo 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Bomba la kunyonya vumbi linapaswa kuongezwa katika mashine yoyote inayofufuliwa.

Hesabu ya faida

Bei zifuatazo ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu, wala si bei za soko. Kila fundi aweke bei za mahali pake.

Ichukuliwe kwamba fundi amenunua plena ya inchi 12 kwa Sh45,000. Usafiri na upakuaji umemgharimu Sh8,000, beringi na mikanda Sh6,000, visu vipya Sh5,000, kigeuza masafa Sh25,000, swichi, nyaya na kinga Sh9,000, kazi ya mkereza vyuma Sh7,000, na rangi, grisi na msasa Sh5,000. Jumla ni Sh110,000. Bei ya ununuzi, iliyomvutia hapo mwanzo, haifiki hata nusu ya gharama yote.

Kisha huongezwa jasho lake. Akitumia siku 10 ambazo angelipwa Sh1,500 kwa siku kwingineko, mashine imefikia Sh125,000. Wengi husahau kipengele hiki na kujidanganya kwamba wamepata kitu cha bure.

Kwa upande wa mapato, ichukuliwe kwamba awali alikuwa akilipa Sh800 kwa siku kupigiwa randa mbao zake kwa jirani, usafiri ukiwemo, siku nne kwa wiki. Hiyo ni Sh3,200. Akiondoa Sh700 za umeme na kunoa visu, anaokoa Sh2,500 kwa wiki. Mashine itajilipa kwa wiki 50, takriban mwaka mmoja. Iwapo kazi yake ni ya siku moja tu kwa wiki, na matumizi yapungue kwa kiwango hicho, ataokoa Sh625, na itahitajika miaka minne hivi.

Kwa hivyo, kinachoamua faida zaidi ni idadi ya siku ambazo mashine itafanya kazi, kuliko bei iliyonunuliwa. Jambo hili lilidhihirika baada ya Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mbao ziliadimika, bei zikapanda na viwanda vingi vya mbao vikafungwa, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo mnamo Julai 2023. Aliyekuwa amefufua mashine kwa mkopo katika kipindi hicho alilipa riba huku mashine imenyamaza. Ni busara basi kutenga akiba ya asilimia 20 ya gharama, ambayo katika mfano huu ni Sh22,000, kwa mambo yasiyotarajiwa. Akiba hiyo ikihesabiwa, muda wa kujilipa unafika wiki 59.

Anayefufua ili auze ana hesabu nyingine. Plena hiyo ikiuzwa kwa Sh140,000, baki baada ya gharama ya Sh110,000 ni Sh30,000. Kazi ikichukua siku 10, amejilipa Sh3,000 kwa siku. Ikichukua siku 25, jambo ambalo ni la kawaida kwa mashine ya kwanza, amejilipa Sh1,200, yaani chini ya kibarua alichokiacha. Na wakati wote huo mtaji wake umelala chini ya turubai akimsubiri mnunuzi.

Nani anafaidi

Kutokana na hesabu hizi, makundi matatu yanajitokeza. Anayefaidi zaidi ni seremala mwenye wateja wa kudumu, anayeitumia mashine mwenyewe karibu kila siku, na anayeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake. Huyu hupata mashine ya daraja ambalo asingelifikia akinunua mpya.

Wa pili ni taasisi. Chuo cha ufundi chenye mashine kuukuu na wanafunzi wa umekanika, umeme na useremala kina kila kinachohitajika chini ya paa moja. Ufufuaji huwa ni somo na mashine huwa matunda yake.

Wa tatu ni mpenzi wa mashine za kale, ambao ni wengi Uingereza na Marekani. Hawa hutumia wikendi zao kwa raha ya kazi yenyewe, na faida kwao haipimwi kwa fedha. Fundi anayetafuta riziki asiige hesabu zao.

Anayepaswa kuiacha ni yule mwenye kazi za msimu, asiye na umeme wa uhakika, au aliyevutiwa na mashine yenye ufa na meza iliyopinda kwa sababu tu ni ya bei rahisi. Huyo ni heri aendelee kulipia randa kwa jirani, akiwekeza akiba yake katika vifaa vidogo vya mkononi hadi kazi itakapoongezeka.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mafundi wengi wamejuta kwa kununua mashine mpya nyepesi iliyokufa kabla ya mwaka kuisha. Lakini hata wanaosema kuwa ya kale ni dhahabu wanapaswa kukumbuka kwamba dhahabu nayo hupimwa kwa mizani kabla ya kununuliwa.